Lalamiko la Kwanza

Jumapili ya tarehe 16 Septemba 2018, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alitangaza toleo jingine la majaribio la mfumo huo, 4.19, kama ilivyo desturi yake Jumapili nyingi za mwaka. Safari hiyo tangazo lilibeba jambo jingine. Aliomba radhi kwa miaka mingi ya kuwashambulia kwa maneno watu aliofanya nao kazi, akasema anapumzika kwa muda ili apate msaada wa kuelewa hisia za wenzake na kuzijibu ipasavyo. Siku zilezile, ndani ya hazina ya msimbo wa Linux, faili fupi iliyoitwa Kanuni za Mgogoro iliondolewa na mahali pake pakawekwa kanuni kamili za maadili. Aliyeyaandika mabadiliko hayo ni Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watunzaji, yaani wanaokagua na kupokea msimbo wa wengine, wenye uzito mkubwa katika mradi ule. Hayakupita kwanza kwenye mjadala wa hadharani, ilhali katika Linux hata kiraka cha kusahihisha herufi moja huwekwa mezani kila mtu akione.

Nina sababu ya kuanzia hapo. Jumuiya za programu huria kama Linux huendeshwa na watu ambao wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso. Hawana mwajiri mmoja, hawana ofisi ya utumishi wala chama cha wafanyakazi. Kinachowaunganisha ni msimbo, pamoja na maneno wanayoandikiana kuuhusu. Maneno hayo yakiwa machungu, anayeumia hana pa kukimbilia. Huondoka tu, na mara nyingi hakuna anayetambua kuwa ameondoka, kwa sababu kazi ya kujitolea haina barua ya kujiuzulu. Na hasara yake haiishii kwa hao wachache. Kila simu ya Android mkononi mwa abiria wa daladala au matatu inaendeshwa na kiini cha Linux, ile sehemu ya ndani kabisa inayosema na mashine. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanzishwa mwaka 2004 na kutumika mapema kule Eldoret chini ya mpango wa AMPATH, ambao Chuo Kikuu cha Moi ni mshirika wake, ulijengwa kwa mtindo huohuo wa watu wa mbali kusahihishana kazi. Kwa hiyo namna watu hawa wanavyosemezana inatuhusu hata sisi tusioandika msimbo.

Kupitisha kanuni ni rahisi kupita kiasi. Waraka unaotumiwa na wengi, Contributor Covenant, uliandikwa na Coraline Ada Ehmke mwaka 2014, na maelfu ya miradi imeuchukua. Unaunakili, unajaza anwani ya kupokea malalamiko, umemaliza. Tangu mwaka 2017 tovuti ya GitHub humwekea mwenye mradi kiolezo tayari, achague na kubonyeza. Sijawahi kuuona urahisi huo kuwa jambo baya. Mradi mdogo wa watu wawili hauhitaji kuitisha bunge. Lakini kanuni iliyoingia kwa kubonyeza haijamgusa mtu bado. Inaanza kuwa kanuni siku lalamiko la kwanza linapofika, na hasa linapomhusu mtu ambaye mradi unaamini hauwezi kuishi bila yeye.

Linux ilikuwa na mtu wa namna hiyo, na ndiye aliyekuwa juu kabisa. Julai 2013, Sage Sharp, aliyekuwa akiandika viendeshi vya USB 3.0 katika kampuni ya Intel, alimwandikia Torvalds mbele ya wote akimtaka yeye na watunzaji wengine waache kutukana watu. Torvalds alijibu kwamba ndivyo alivyo, na kwamba hataki kujifanya mpole kwa ajili ya mwonekano wa kiofisi. Machi 2015 ndipo zikaja zile Kanuni za Mgogoro. Zilimwambia mchangiaji kwamba kazi yake itakosolewa, kwamba ukosoaji huo ni wa lazima ili ubora usishuke, na kwamba akijiona ametukanwa au kutishwa awaandikie Bodi ya Ushauri wa Kiufundi ya Linux Foundation, ambayo itajitahidi kusuluhisha. Ziliishia hapo. Oktoba mwaka huohuo Sharp alieleza hadharani kwa nini alikuwa ameachana na kazi ya kiini: hakuweza tena kuchangia mahali ambapo anaheshimiwa kwa ufundi wake ila hawezi kudai aheshimiwe kama binadamu.

Ukizisoma Kanuni za Mgogoro kwa utulivu unaona zilitungwa kulinda kazi dhidi ya watu wepesi wa kuumia. Mzigo wote uliwekwa juu ya aliyeumizwa: yeye ndiye aamue kama limezidi, yeye ndiye aandike, yeye ndiye asubiri. Hakuna hatua hata moja iliyotajwa ambayo ingemfikia mkosaji. Na wakubwa walizitia saini bila kubadilisha lolote katika mwenendo wao, kwa kuwa hakuna walichotakiwa kubadilisha.

Linganisha na Ubuntu, mfumo ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Hapo kanuni za maadili zilikuwepo tangu mwanzo kabisa, kabla jumuiya haijawa na mazoea. Anayetaka uanachama rasmi huzitia sahihi kwa ufunguo wake wa kidijitali, kama sharti la kuingia. Mtu aliyeingia kwa mlango huo hakuwa na haki ya zamani ya kunyang'anywa. Linux ilikuwa na miaka 27 ya haki za zamani. Watu walikuwa wamejenga majina yao ndani ya utaratibu ule mkali, na baadhi yao waliamini kwa dhati kwamba ukali ndio uliowapa msimbo mzuri. Kwa hiyo kanuni za Septemba 2018 hazikupokelewa kama sharti la kuingia. Zilipokelewa kama mabadiliko ya mkataba katikati ya safari.

Wiki tano zilizofuata ndizo ninazoziona kuwa utekelezaji halisi, ingawa wengi walizitazama kama fujo. Waraka ulioazimwa ulianza kugongana na kazi. Toleo la 1.4 la Contributor Covenant linakataza kuchapisha taarifa binafsi za mtu mwingine, ikiwemo anwani yake ya barua pepe, bila idhini yake. Katika miradi mingi hilo ni jambo la busara. Lakini katika Linux kila kiraka hubeba jina na anwani ya aliyekiandika, ya aliyekikagua, ya aliyegundua kasoro, na vyote hivyo hubaki kwenye kumbukumbu milele. Ndiyo njia ya kujua nani anawajibika kwa mstari upi wa msimbo. Kwa maneno ya waraka, kazi ya kila siku ya mtunzaji ingeweza kuhesabiwa kosa. James Bottomley, mtunzaji wa siku nyingi, alipendekeza marekebisho: anwani ambazo watu wenyewe wamezitoa kwa ajili ya kazi ya kiini zisihesabiwe kuwa siri.

Lilikuwapo pia fungu lililosema kwamba mtunzaji asiyezisimamia kanuni kwa nia njema anaweza naye kuadhibiwa. Fikiria unavyolisoma ukiwa mtunzaji wa kijisehemu kidogo cha mfumo, mtu wa nyaya na saketi, uliyejitwika kazi hiyo kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Jana ulikuwa unakagua msimbo. Leo unaambiwa wewe ni hakimu, na usipohukumu vizuri utahukumiwa. Hofu ya watu hao haikuwa chuki dhidi ya adabu, na waliowaita maadui wa kanuni waliwaonea. Walikuwa wanauliza swali la haki: kesi inaletwa kwa nani?

Toleo la 4.19 lilipotoka tarehe 22 Oktoba 2018, majibu yalikuwa yameanza kuandikwa. Uliongezwa waraka wa ufafanuzi unaoeleza namna kanuni zinavyosomwa katika mazingira ya Linux. Malalamiko yalielekezwa kwenye kamati, na mwanasheria Mishi Choudhary, mtu aliyeitumikia programu huria kwa miaka mingi, akatajwa kuwa msuluhishi. Watunzaji wa kawaida walielezwa kwamba wanatarajiwa kusaidia pale wanapoweza, bila kubebeshwa kazi ya mahakama. Torvalds alirudi kazini wakati huohuo.

Wakati wa mjadala ule walikuwepo waliotabiri kwamba wataalamu wataondoka kwa makundi na mradi utasambaratika. Baadhi walizungumzia hata kudai msimbo wao urudishwe. Hayo hayakutokea, matoleo mapya yaliendelea kutoka kila baada ya wiki tisa au kumi kama zamani. Upande wa pili walikuwepo waliodhani waraka peke yake utawaita walioondoka. Hilo nalo halikutokea kwa kishindo walichokitarajia. Aliyekwisha kuumizwa harudi kwa kusoma faili. Hurudi, akirudi, kwa kuona mtu mwingine aliyelalamika ameshughulikiwa vipi.

Na hapo panahitaji muda mrefu. Novemba 2024, miaka sita baada ya kanuni kupitishwa, kamati iliamua kwamba Kent Overstreet, mwandishi wa mfumo wa mafaili wa bcachefs, alikiuka kanuni kwa maneno aliyomwandikia mtunzaji mwenzake. Ilimtaka aombe radhi mbele ya wote, kwa kuwa maneno yenyewe yalisemwa mbele ya wote. Hawakuafikiana. Kamati ikapendekeza, na Bodi ya Ushauri wa Kiufundi ikaidhinisha, kwamba michango yake isipokelewe katika mzunguko mmoja wa utengenezaji, ule wa toleo la 6.13. Maelezo ya hatua za namna hiyo yaliongezwa kwenye nyaraka za mradi mwaka huohuo.

Adhabu hiyo iliwauma hata wasiohusika, maana watumiaji wa bcachefs walikuwa wakisubiri marekebisho. Kuna walioona ni kubwa mno, na kuna walioona imechelewa. Mimi ninachokiheshimu ni umbo lake. Ilikuwa na mwanzo na mwisho unaojulikana. Ilitanguliwa na nafasi ya kurekebisha. Ilipendekezwa na chombo kimoja na kuidhinishwa na kingine. Na ilitangazwa mahali palepale ambapo kosa lilitendeka. Mtu anaweza kuipinga adhabu kama hiyo kwa hoja, kwa sababu inaonekana.

Wanavikoba wanalifahamu jambo hili kuliko wataalamu wengi wa kompyuta. Katika kikundi cha kuweka na kukopa anayechelewa hulipa faini, ambaye simu yake inalia kikaoni hulipa faini, na mwenyekiti akichelewa naye hutoa faini yake wote wakiona. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Faini ni ndogo, haimfukarishi mtu, lakini imeshalipwa mara nyingi kiasi kwamba siku mtu anapokula fedha za kikundi hakuna anayeuliza kama katiba inatumika. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alitumia maisha yake kuchunguza jamii zinazotumia kwa pamoja misitu, mifereji na maeneo ya uvuvi, na alikuta kwamba zile zilizodumu zina adhabu zinazopanda ngazi kwa ngazi, pamoja na waangalizi wanaowajibika kwa watumiaji wenyewe. Contributor Covenant yenyewe ilijifunza hilo kwa kuchelewa. Ni katika toleo la 2.0 ndipo ilipowekewa ngazi: kusahihishwa, kuonywa, kusimamishwa kwa muda, kufukuzwa kabisa. Kabla ya hapo miradi mingi ilikuwa na kanuni zinazotaja makosa kwa urefu na kunyamaza kuhusu adhabu, hivyo kilichobaki mkononi mwa wasimamizi ni mambo mawili tu, kunyamaza au kufukuza. Walinyamaza.

Lakini ngazi nayo haitoshi kama juu yake kuna watu wasiofikiwa. Kisa kinachonifunza zaidi kuhusu hilo ni cha Rust.

Rust ni lugha ya kuandikia programu iliyoanzia kwa Graydon Hoare na kukulia ndani ya Mozilla, na jumuiya yake ilijivunia kanuni za maadili tangu utotoni. Walikuwa na timu maalumu ya usimamizi wa nidhamu, yenye utaratibu na uzoefu. Kama kuna mahali ambapo mpango ungetekelezwa kama ulivyoandikwa, ni pale. Tarehe 22 Novemba 2021, timu hiyo ilijiuzulu yote kwa pamoja, papo hapo. Sababu waliyoitoa ni kwamba Timu Kuu ya mradi ilikuwa imejiweka mahali ambapo haiwajibiki kwa yeyote isipokuwa kwa yenyewe, na kwa hiyo wao hawakuweza tena kuzisimamia kanuni kwa kiwango ambacho jumuiya inawatarajia.

Barua yao ilikuwa fupi, haikutaja majina wala tukio lililowafikisha pale. Watu waliumia kwa kutojua. Wengine walidai maelezo yote yawekwe wazi mara moja, kwamba jumuiya huria haina haki ya kuwa na siri. Ninaelewa hamu hiyo, ila nadhani wasimamizi walifanya lililo sawa. Mtu anayeleta lalamiko huleta kwa kuamini kwamba halitatangazwa. Ukilitangaza hata kwa lengo jema, anayefuata hatalileta. Walichoweza kukiweka hadharani bila kumsaliti yeyote ni kasoro ya muundo: nani anamwajibisha nani. Hicho ndicho walichokisema, na hicho ndicho kilichoweza kurekebishwa. Ilichukua muda. Mwaka 2023 Timu Kuu ilivunjwa na kuundwa Baraza la Uongozi, ambalo wajumbe wake wanatoka katika timu mbalimbali za mradi, timu ya nidhamu ikiwemo. Karibu miaka miwili ya vikao, rasimu na mabishano, ili lalamiko liweze kupanda hadi juu na kushuka bila kukwama.

Hakuna mwenye kuanzisha mradi anayefikiria miaka miwili anapobonyeza kile kiolezo cha GitHub.

Jumuiya ya lugha ya Python ilipitia upande mwingine wa jambo hilohilo. Agosti 2024, baraza lake la uongozi lilimsimamisha Tim Peters kwa miezi mitatu, kwa mapendekezo ya kikundi kazi cha kanuni za maadili. Peters ni miongoni mwa wachangiaji wa mwanzo wa lugha hiyo. Njia ya kupanga orodha aliyoiandikia Python mwaka 2002 inaitwa Timsort kwa jina lake. Hapa kanuni ilimfikia mkubwa kweli. Tatizo likawa katika kuieleza. Sababu zilizotangazwa zilikuwa nyingi, nyingine nzito na nyingine nyepesi, zikiwemo kuandika mno katika mjadala mmoja kuhusu katiba ya taasisi ya Python, na msomaji wa nje hakuweza kupima lipi ndilo lililobeba uamuzi. Waliomtetea walishika zile nyepesi, waliounga mkono wakashika zile nzito, na pande mbili zikaendelea kusema kana kwamba zinazungumzia watu wawili tofauti. Uamuzi unaomgusa mtu wa heshima kubwa unahitaji sababu chache zilizosimama imara. Ukirundika kila kitu ili kuonyesha uzito, kilicho dhaifu ndicho kitakachojadiliwa.

Nimesema haya ya mbali kwa sababu kanuni hizi zimekwisha kutufikia. Novemba 2023 Zanzibar ilikuwa mwenyeji wa DjangoCon Africa, kongamano la watumiaji wa Django, zana ya kujengea tovuti kwa Python. Agosti 2025 kongamano hilo likafanyika Arusha. Mikutano ya jumuiya hizi huwa na kanuni zake za maadili, na Python Software Foundation, taasisi ya Marekani inayosaidia mikutano ya Python duniani, huwataka wanaoomba fedha zake wawe nazo. Kabla ya mkutano wa Zanzibar maombi ya fedha kwa taasisi hiyo yalichelewa kuamuliwa, na miongoni mwa yaliyojadiliwa ni usalama wa washiriki wanaopenda watu wa jinsia yao, kwa kuwa sheria za Tanzania huadhibu mapenzi ya aina hiyo. Desemba 2023, viongozi wa jumuiya za Python barani Afrika waliandika barua ya wazi wakilalamikia namna maombi ya Waafrika yanavyoshughulikiwa. Taasisi ilikiri kwamba ilipungukiwa, ikatoa ripoti kuhusu utaratibu wake wa misaada na baadaye kuanzisha saa maalumu za kuwasikiliza waombaji.

Katika kisa hicho nawaelewa wote waliokuwa mezani. Anayeogopa kukamatwa ugenini haogopi kivuli, na kanuni inayoahidi usalama kwa kila mshiriki haiwezi kumfumbia macho. Pia mwandaaji aliyehangaika miezi na miezi kutafuta ukumbi, viza na nauli za vijana, halafu akajikuta anahojiwa kana kwamba yeye ndiye aliyetunga sheria za nchi, ana haki ya kuvunjika moyo. Kanuni ilikuwa imeandikwa ikidhani kwamba hatari hutoka kwa mshiriki mwenzako ukumbini. Haikuwa na maneno ya kutosha kwa hatari inayotoka nje ya ukumbi, wala kwa uwezo usio sawa kati ya mwenye fedha na mwenye mahali. Ajabu ni kwamba barua ile ya wazi ilifanya kazi ambayo kanuni za maadili huahidi kuifanya: ilileta lalamiko dhidi ya mkubwa, na mkubwa akalijibu.

Huku kwetu kuna ugumu mwingine ambao waliotunga hizi nyaraka hawakuuona. Wanadhani mtu aliyekosewa ataandika. Ataeleza tukio, tarehe, mashahidi, atatuma kwa anwani iliyotajwa. Lakini katika mji ambao watengeneza programu wote wako kwenye makundi mawili au matatu ya WhatsApp, aliyeandaa mafunzo ndiye anayegawa vibarua, ndiye anayemfahamu mwajiri wa kesho, na mara nyingi ndiye aliyewekwa kupokea malalamiko. Binti wa mwaka wa kwanza chuoni anamwita kaka au mwalimu. Akimwandikia lalamiko linalomhusu rafiki wa huyo kaka, jibu atakalopata ni la upole kabisa: pole sana dada, tutaongea naye, ila tusilikuze jambo. Ataombwa radhi kwa niaba. Ataambiwa yaishe. Na yeye, kwa malezi aliyopewa ya kutomwaibisha aliyemzidi umri, atakubali, kisha polepole ataacha kuja.

Utamaduni wa kusuluhishana kupitia mtu wa kati una thamani kubwa, na nisingependa uondolewe ili tupate taratibu kavu za kisheria. Ugomvi mwingi wa jumuiya hizi ni wa maneno yaliyopotoka kwenye maandishi, hasa pale watu wanapoandika kwa Kiingereza ambacho si lugha ya nyumbani kwa yeyote kati yao. Mtu anayewajua wote wawili anaweza kuumaliza kwa simu moja. Lakini usuluhishi unadai pande mbili zenye uzito unaokaribiana. Kati ya kijana na mtu anayeshikilia riziki yake, suluhu ya haraka humlinda mwenye riziki. Kwa hiyo kikundi kinachopitisha kanuni Mwanza, Kisumu au Bujumbura kinahitaji kutenganisha mapema yale yanayofaa kuongelewa na yale ambayo hayaendi kwenye meza ya suluhu kamwe, kama kumshika mtu bila ridhaa au kumtishia kazi. Tena kinahitaji mpokeaji mmoja aliye nje ya mji, asiyekuwa na deni na yeyote. Linux ilimtafuta mwanasheria asiyeandika msimbo wa kiini. Kikundi kidogo kinaweza kubadilishana na kikundi cha mji mwingine: ninyi mpokee ya kwetu, sisi tupokee ya kwenu.

Kuna pia kazi ya kuandika. Malalamiko yanayomalizwa kwa mdomo hayaachi alama, na mkosaji hubaki na kosa la kwanza kila mara. Hakuna haja ya majina. Mara moja kwa mwaka kikundi kinaweza kusema mbele ya wote: tulipokea malalamiko kadhaa, haya yalithibitika, hatua zilikuwa hizi. Mwanachama aliyekaa kimya atajua kuna mlango, na kwamba kuna waliopita humo wakatoka salama.

Haya yote huwachosha watu. Anayepokea malalamiko husikia mambo asiyoweza kumsimulia mwenzi wake, hushutumiwa na pande zote mbili, na asubuhi anarudi kwenye kazi inayomlipa. Miradi mikubwa imeanza kulitambua hilo kwa kuwapa watu hao zamu zenye kikomo na mafunzo. Vikundi vyetu huwachagua kwa kunyoosha mikono dakika tano kabla ya kikao kufungwa, aghalabu mwanamke pekee aliyemo chumbani, kisha humsahau hadi siku ya balaa. Bajeti za makongamano ya teknolojia nilizowahi kupitia zina fungu la fulana, la stika, la chakula na la picha. Sijaona bado fungu la mtu wa kusikiliza malalamiko: nauli yake, vocha yake, saa chache za mwanasheria wa kumshauri. Ningemwomba mwandaaji wa kongamano lijalo aliweke, hata kama fulana zitapungua.